Hii namba 2147483647 ni ya nani? Wateja 412 wako nayo moja

#1 stoo_kamukunji
Habari zenu. Niko na duka la jumla la vyombo vya plastiki hapa Kamukunji, ndoo, beseni, mitungi, vitu kama hivyo. Miaka mitatu iliyopita kijana fulani alinitengenezea programu ndogo ya kuandika mauzo na majina ya wateja na imenisaidia sana. Sasa juzi nikasema wacha nitume meseji kwa wote niwaambie mzigo mpya umefika, nikatoa orodha, watu 640, na 412 kati yao wako na namba moja ya simu, 2147483647. Moja tu! Mama wa Mwea, jamaa wa Kitengela, dada mmoja wa Machakos ambaye ananiletea biashara kila mwezi, wote hiyo hiyo. Wale 228 waliobaki wako na tarakimu tisa zinaanza na 7 ama 1, yaani namba yao ya kawaida bila ile sifuri ya mbele.
Nimepiga, naambiwa namba haipo. Maswali yangu ni mawili: hii namba ni ya nani, na namba za watu wangu zimeenda wapi?

#2 kijana_wa_umoja
Pole boss. Kuna mtu ameingia kwa sistimu yako akaweka namba yake ndio ukituma meseji za deni ajue nani anadaiwa. Badilisha nywila leo leo usingoje kesho.

#3 mpitanjia
Hapana, hiyo ni namba ya Marekani. 214 ni eneo la Dallas, Texas, halafu 748, halafu 3647, tarakimu kumi kamili venye namba zao zinakuanga. Ulipigaje, uliweka +1 mbele? Na hata kama ni ya mtu huko usimsumbue, atakuwa hajui lolote.

#4 karani_wa_ekseli
Mimi nasema ni Ekseli. Ukibandika namba ndefu inakuandikia 2.54E+11 na ile sifuri ya mbele inakula bila kukuuliza. Nimeumia nayo miaka mingi, ofisi yetu ilituma barua za watu kwa masanduku ya posta ambayo hayako. Fungua upya hiyo faili kama maandishi, si kama namba.

#5 fundi_wa_databesi
Ekseli ingekula sifuri ndiyo, lakini haiwezi kuwapa watu 412 namba moja. Na #2, mwizi hana haja ya kuchagua namba hiyo. Hii namba naijua kama jina langu. Stoo, angalia kitu kimoja: wale 228 ambao namba zao ziko sawa, si waliandikwa kwa 07 na 01? Na hao 412 si waliandikwa kwa 254?

#6 stoo_kamukunji
Aki umejuaje! Nimetoa vitabu vya risiti vya zamani nikalinganisha. Mwaka wa kwanza keshia alikuwa anaandika 07. Halafu akaja msichana mwingine ambaye alikuwa amefunzwa kwingine kuandika 254 mwanzo, na kuanzia siku yake ya kwanza ni 2147483647 mpaka chini.

#7 fundi_wa_databesi
Sasa sikiza. Kijana wako alipotengeneza jedwali la wateja, safu ya simu aliiambia databesi iwe INT, yaani namba nzima ya kawaida, badala ya kuiambia ni maandishi. Kwa MySQL, ile programu ya databesi, INT ina nafasi ya biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2,147,483,647, bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Mtu wa 07 akiandikwa, sifuri inaanguka, inabaki milioni mia saba na kitu, hiyo inaingia vizuri. Mtu wa 254 namba yake ni bilioni mia mbili hamsini na kitu, haiwezi kuingia hata kidogo. MySQL za zamani, ama mpya ambayo imelegezwa masharti, hazikatai, zinakuandikia ile ya juu kabisa zinayoweza kushika halafu zinanyamaza. Kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2015 zimewekwa zikatae toka mwanzo, kwa hivyo nadhani kijana aliona inakataa akaenda akailegeza.
Namba za watu wako hazijaenda mahali. Hazikuwahi kuingia. Pole sana kusema hivyo.

#8 stoo_kamukunji
Sasa hii imeniuma kuliko ingekuwa mwizi.

#9 bwana_kete
Wacha nimsaidie stoo kuelewa hiyo biti 32, mimi nimekulia Lamu sasa niko Eastleigh. Unajua bao la kete? Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Sawa na biti 32 kabisa! Sasa weka kete 1 kwa shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, 8 la nne, uende hivyo ukizidisha mara mbili. Shimo la 31 pekee litataka kete 1,073,741,824. Jumlisha mashimo yote 31, unapata 2,147,483,647 kamili. Shimo la 32 huweki kete, hilo ni la kusema hii namba ni chanya au hasi. Ndiyo maana inakuwa 2 kwa kipeo cha 31, yaani 2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja, ukitoa moja, kwa sababu jumla ya mashimo siku zote ni shimo linalofuata ukitoa moja: 1+2+4 ni 7, na shimo linalofuata ni 8.

#10 kijana_wa_umoja
Nimejaribu hiyo kwa karatasi 1+2+4+8+16=31, linalofuata 32. Kweli kabisa. Shuleni hatukuonyeshwa hivi.

#11 usiku_wa_zamu
#9 mfano ni mzuri sana nitautumia kazini, ila hapo kwa shimo la 32 nirekebishe. Si la alama tu. Kwa kompyuta karibu zote hilo shimo lina uzito wa -2,147,483,648. Ndiyo maana upande wa hasi unazidi upande wa chanya kwa moja. Na ukiwa umejaza mashimo 31 halafu uongeze kete moja, yote 31 yanamwagika yanakuwa tupu na lile la 32 linajaa, unajikuta -2,147,483,648 kwa hatua moja.

#12 mpitanjia
Basi mbona za stoo hazikugeuka hasi? Zimekwama tu kwa 2147483647.

#13 usiku_wa_zamu
Swali zuri. Kuna vyombo viwili. Kuna vya kama mita ya gari, ikifika mwisho inazunguka ianze upya upande ule mwingine, hiyo ndiyo prosesa, ubongo wa kompyuta, na lugha za kuandikia programu kama Java. Na kuna kama debe, likijaa linabaki limejaa na kinachozidi kinamwagika chini, hiyo ndiyo safu ya MySQL. Stoo alipimiwa na debe.

#14 mwalimu_wa_hesabu
Mimi nafundisha sekondari, shule ya kutwa hapa Nairobi, na nimesoma uzi huu nikiwa na furaha ambayo siwezi kuificha. Mnaiongelea kama namba ya makosa. Hii namba ni namba tasa! Haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772, akiwa St Petersburg, akiwa karibu kipofu kabisa, bila mashine ya aina yoyote. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote ambazo binadamu alikuwa na hakika nazo. Na kabla yake Pietro Cataldi wa Italia mwaka 1588 alidai kwamba 2 kwa vipeo vya 23, 29, 31 na 37, ukitoa moja, zote ni tasa. Katika hizo nne aliipata hii ya 31 peke yake. 2^23 ukitoa moja ni 47 mara 178481. 2^29 ukitoa moja ni 233 × 1103 × 2089.
Kwa hiyo mteja wako wa Mwea, stoo, ameandikwa jina la mtu mkubwa sana.

#15 dada_wa_south_b
Samahani mwalimu, tasa? Hilo si neno la mwanamke ambaye hajajaliwa mtoto? Sisi tulisoma kwa Kiingereza tukaita praimu. Sijapenda.

#16 mwalimu_wa_hesabu
Ni namba tasa, ndivyo ilivyo vitabuni, Tanzania wameitumia miaka mingi sana. Maana yake haizai vigawo vingine.

#17 dada_wa_south_b
Lakini ukifikiria ni kinyume. Hizo ndizo zinazozaa namba zingine zote kwa kuzidishwa. 12 inatoka kwa 2, 2 na 3. Hao ndio wazazi jamani! Kuita mzazi tasa...

#18 bwana_kete
Dada ana hoja. Lakini neno limeshakaa. Kwetu hata mti usiozaa huitwa tasa, si mtu tu.

#19 mpitanjia
Mwalimu, nina shida na hiyo ya Euler. Ili ujue namba ni tasa si lazima uigawanye kwa kila namba mpaka kipeuo chake cha pili? Kipeuo cha hii nimeangalia ni 46,340 na kitu. Hata ukitumia tasa pekee ni zaidi ya elfu nne. Kipofu aligawanya mara elfu nne kichwani?

#20 mwalimu_wa_hesabu
Hakufanya hivyo, na hapa ndipo pana utamu, nipe nafasi niandike refu kidogo.
Chukua kigawo chochote tasa cha namba yetu, tukiite q. Anza na 1, zidisha kwa 2, uchukue baki ya kugawanya kwa q, zidisha tena kwa 2, chukua baki, endelea. Kwa sababu q inaingia kwa 2^31 ukitoa moja, hatua ya 31 lazima ikurudishe kwa 1. Ni kama matatu ya mzunguko, vituo 31 halafu umerudi stendi. Inaweza kurudi mapema? Hapana, kwa sababu 31 yenyewe ni tasa, haina mzunguko mdogo ndani yake. Sasa mabaki yote yanayowezekana, kutoka 1 hadi q ukitoa moja, yanajigawa kwa mizunguko ya vituo 31 kila mmoja, hakuna kinachobaki nje. Kwa hiyo q ukitoa moja inagawanyika kwa 31. Na q ni witiri, yaani haigawanyiki kwa 2, basi q ukitoa moja inagawanyika kwa 2 pia, jumla kwa 62. Tayari umetupa karibu namba zote!
Jaribuni kwa ndogo muone: 2^11 ukitoa moja ni 2047, ni 23 mara 89. 23 ni 22 na moja. 89 ni 88 na moja. Zote mbili zinatii.
Kuna sharti la pili. 2^31 inaacha baki 1, basi 2^32 inaacha baki 2, maana yake 2 ni mraba wa 2^16 kwa hesabu ya mabaki ya q, na hilo linawezekana tu kama q ikigawanywa kwa 8 inabakisha 1 au 7. Unganisha masharti mawili: kigawo lazima kiwe 248n+1 au 248n+63. Hadi 46,340 hizo ni chache mno. Euler alisema migao 372 inatosha.

#21 usiku_wa_zamu
Nimehesabu: za 248n+1 ni 186, za 248n+63 ni 187 ukianza na 63 yenyewe. Jumla 373, utoe 63 ambayo ni 7×9 haihitajiki, unabaki na 372. Mwalimu uko sawa. Na hata hizo nyingi si tasa. 249 ni 3×83, toa. 311 ni tasa, hiyo ugawanye: 2147483647 kwa 311 inaingia mara 6905092 inabaki 35. Halafu 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, zote zinavunjika, toa. Inayofuata ya kweli ni 1303, inabaki 226. Halafu 1489, inabaki 199. Yaani mpaka karibu 1500 ni migao mitatu tu. Nimekaa zamu hapa saa nane usiku nikifanya haya kwa kalamu na sijutii.

#22 kijana_wa_umoja
Sasa nimechanganyikiwa na kitu kimoja. Watu wa kompyuta walichagua hii namba juu ya kuwa ni tasa ama ilitokea tu?

#23 fundi_wa_databesi
Ilitokea tu. Biti zinaenda 8, 16, 32, 64 kwa sababu ya kuzidisha mara mbili, hakuna aliyeuliza Euler.

#24 mpitanjia
Siamini mambo ya kutokea tu. Lazima kuwe na sababu.

#25 usiku_wa_zamu
Angalia zingine. Biti 8 mwisho wake ni 127, tasa. Biti 16 ni 32767, hiyo ni 7×31×151, si tasa. Biti 32 tasa. Biti 64 ni 9223372036854775807 na inagawanyika kwa 7, tena mara mbili. Ingekuwa imepangwa zingekuwa tasa zote. Na ukitumia hata lile shimo la 32 kwa kete, unafika 4294967295 ambayo ni 3×5×17×257×65537. Hizo tano ndizo namba tasa zote za Fermat (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, ukiongeza moja) zinazojulikana mpaka leo, zote zimekutana hapo! Na 254 za stoo zisingeingia hata humo.

#26 mwalimu_wa_hesabu
Nakubali nusu tu. Haikupangwa, lakini imetumiwa. Kuna njia ya zamani ya kufanya kompyuta itoe namba za bahati nasibu: chukua namba, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, shika baki, rudia. Park na Miller, wataalamu wa kompyuta, waliandika mwaka 1988 kwamba hii iwe ndiyo kipimo cha chini kwa kila mtu. Inapita kwa namba zote kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja, ndipo irudie. Na isingeweza hivyo kama kigawanyi kisingekuwa tasa. Hapo kuingia kwa biti 32 na kuwa tasa vyote viwili vilihitajika kwa pamoja.

#27 mpitanjia
Si nilisema.

#28 fundi_wa_databesi
Hapo walikuta nyundo imeshatengenezwa wakaitumia. Haimaanishi mti ulimea ili uwe mpini.

#29 mjukuu_wa_reli
Nami niseme yangu. Nilichukua mkopo wa ujenzi wa miaka 15, Machi 2024, chama cha akiba sitakitaja. Karatasi ya malipo ilipotoka, safu ya tarehe ilienda vizuri mpaka mwisho wa 2037, halafu malipo ya mwisho ya 2039 yakaandikwa mwaka 1903. Mwaka huo reli ilikuwa na miaka minne tu tangu ifike Nairobi na mimi ndio nadaiwa! Karani akasema ni hitilafu ya printa, nikatia sahihi nikiwa na wasiwasi. Sasa ndio naelewa?

#30 usiku_wa_zamu
Printa haina makosa. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Zikihesabiwa kwa mashimo 31, sekunde ya 2147483647 ni Jumanne 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Sekunde inayofuata inageuka hasi na unarudi Desemba 1901. Hapo ni mita ya gari, si debe. Kutoka 2039 ukirudi miaka 136 na kidogo unaangukia 1903. Rudi uombe karatasi mpya, iandikwe tarehe sahihi na ipigwe muhuri, hicho ni kitu cha kisheria usikiache hivyo.

#31 mjukuu_wa_reli
Asante sana, kesho asubuhi niko huko.

#32 kijana_wa_umoja
Kumbe ni ile ile! Nilipokuwa nacheza RuneScape hukuwa unaweza kubeba sarafu zaidi ya 2147483647 kwa fungu moja. Na Gangnam Style ya Psy ilivunja kaunta ya YouTube 2014 ilipofika hapo.

#33 fundi_wa_databesi
Haikuvunja. Walikuwa wamepanua kaunta kwenda biti 64 kabla haijafika, ile Desemba 2014 walikuwa wanawachezea watu. Lakini namba ni hiyo.
Na kuna ya ndege. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa amri kwamba Boeing 787 ikikaa na umeme siku 248 mfululizo bila kuzimwa, vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote pamoja. Wahandisi wengi wakapiga hesabu: ukihesabu kwa sehemu za mia za sekunde, 2147483647 inaisha siku ya 248 na nusu hivi.

#34 dada_wa_south_b
Ngoja. 248? Si mwalimu amesema vigawo vya Euler ni 248n+1?

#35 mpitanjia
HAYA SASA. Niambieni tena ni bahati.

#36 mwalimu_wa_hesabu
Dada una macho. Sikuwa nimeiona. Lakini ya Euler ni 8 mara 31, imetoka kwa kipeo. Ya ndege ni 2^31 kugawanya kwa 8,640,000, ambazo ni sehemu za mia za sekunde kwa siku moja, imetoka kwa saa 24 za watu. Sioni kamba inayoziunganisha.

#37 bwana_kete
Usipoiona haimaanishi haipo mwalimu. Ingawa mimi pia sioni.

#38 mwalimu_wa_hesabu
Niongeze moja kabla sijaenda kusahihisha madaftari. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake ukivijumlisha, ukiacha yenyewe, vinairudisha. 6 ni 1+2+3. 28 ni 1+2+4+7+14. Kila mara unapopata tasa ya aina hii ya 2 kwa kipeo ukitoa moja, unapata na namba kamilifu. Hii yetu ukiizidisha kwa 2^30 inatoa 2305843008139952128. Peter Barlow, Mwingereza, aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo itabaki ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina faida, hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas, mwanahisabati wa Ufaransa, akaonyesha 2^127 ukitoa moja ni tasa. Mwaka 1883 Pervushin, kasisi wa Urusi, akapata ya kipeo cha 61. Na Oktoba 2024 imetangazwa ya kipeo cha 136279841, ina tarakimu zaidi ya milioni 41. Watu walijisumbua!
Kama zinaisha ama haziishi, hakuna aliyethibitisha mpaka leo.

#39 karani_wa_ekseli
Kwa hivyo kwa nini 31 inafaa na 29 haifai? Zote ni tasa.

#40 usiku_wa_zamu
Ukipata jibu la hilo jina lako litaandikwa. Tunachoweza ni kupima moja moja. Lucas alianza njia na Lehmer akainyoosha: anza na 4, piga mraba utoe 2, chukua baki ya kugawanya kwa namba unayoipima, rudia. Kwa kipeo cha 5, namba ikiwa 31, unarudia mara tatu: 4, halafu 14, halafu 194 ambayo kwa 31 inabaki 8, halafu 8 mara 8 toa 2 ni 62, inabaki sifuri. Sifuri maana yake 31 ni tasa. Kwa namba yetu unarudia mara 29. 4, 14, 194, 37634, 1416317954, na kuanzia hapo namba zinazidi unaanza kuchukua baki. Hatua ya mwisho ni sifuri kamili. Nimeifanya kwa kompyuta, kwa kalamu sikuthubutu.

#41 mpitanjia
Kuna wanaosema ni kwa sababu 31 nayo ni 2^5 ukitoa moja. 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 31 inatoa hii yetu, 127 inatoa ile ya Lucas. Mnyororo.

#42 mwalimu_wa_hesabu
Mnyororo unakatika mbele. Inayofuata ni 8191, nayo ni tasa ya aina hiyo hiyo, lakini 2^8191 ukitoa moja si tasa. Nne hizo ndizo pekee zinazojulikana.

#43 stoo_kamukunji
Nimerudi. Nimeleta fundi mwingine akabadilisha safu ikawa maandishi, akanionyesha yeye mwenyewe, nikaandika 254 ya kwangu ikakaa. Sasa nakaa jioni na vitabu vya risiti natafuta namba za watu kwa mkono, nimepata 61 kati ya 412. Yule mama wa Mwea nimempata. Swali: safu ya namba ya kitambulisho nayo ilikuwa INT, nibadilishe?

#44 fundi_wa_databesi
Tarakimu nane zinaingia bila shida, lakini badilisha. Kitu ambacho hutakijumlisha wala kukizidisha usikiite namba.

#45 mwalimu_wa_hesabu
Leo nimefanya kitu darasani. Nina wanafunzi 48. Nimegawa zile 372, wengi nane, wengine saba, bila kalkuleta, vipindi viwili vya mfululizo. Mwanzoni walilalamika, baadaye kukawa kimya mpaka nikasikia matatu za barabarani. Wawili waliinua mkono wakasema wamepata baki sifuri. Nikawapa majirani zao warudie. Mmoja alikuwa amesahau kushusha tarakimu, mwingine alinakili 4 moja kama 6. Hakuna sifuri. Kengele imelia hawakutoka, walikuwa wanataka ile ya mwisho kabisa, 46191, iliyokuwa na msichana wa dawati la nyuma. Inagawanyika kwa 3 hata haikuhitajika kujaribiwa, nilijua, lakini sikumwambia, akaimaliza.
Halafu kijana mmoja akaniuliza, Euler alikuwa peke yake, nani alirudia hesabu yake?

#46 usiku_wa_zamu
Ulimjibu nini?

#47 mwalimu_wa_hesabu
Nilimwambia, ninyi, leo.